Ukitaka kutengeneza mtu wa puto, anza na kwapa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Babati ameniandikia: "Kaka, nimemwona mdoli wako wa kupuliza. Mimi nataka kutengeneza wa bibi harusi, niuze kwenye kumbi. Nianzie wapi?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari mitatu. Saa saba usiku bado naandika. Basi jibu lake nalileta hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna wazo la namna hii kichwani na mnaogopa kuchekwa. Mimi nimeshachekwa kwa niaba yenu.

Mdoli wangu anaitwa Mgumu. Kwa msiotoka huku Moshi, wagumu ni wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wale wanaopandisha mizigo ya wageni kichwani huku wageni wenyewe wanahema na chupa ya maji mkononi. Nimefanya kazi hiyo miaka minne, kwa hiyo umbo lile silijui kwa macho tu, nalijua kwa shingo. Mkono mmoja juu umeshika mzigo, mwingine unapunga. Nikasema mtoto akimpata mgumu wa kupuliza, anayemfika kiunoni, mpira ataugawa. (Na tafadhali msinichanganyie na yale madude yanayocheza mbele ya maduka ya simu. Yale yana feni chini, hewa inaingia na kutoka muda wote. Yalibuniwa kwa ajili ya Olimpiki ya Atlanta 1996 na Peter Minshall wa Trinidad akiwa na Doron Gazit. Umeme ukikatika nayo yamelala. Mimi nilitaka hewa ibaki ndani.)

Kosa langu la kwanza lilikuwa mpira. Nilinunua mapulizo ya kawaida sokoni Mbuyuni, nikaunganisha tumbo, kichwa, mikono na miguu kwa vipande vya mrija ili hewa ipite. Nikapuliza. Tumbo likajaa, mikono imelala. Nikakaza mashavu, tumbo likazidi, na kichwa kilichokuwa kimeanza kuvimba kikanywea, hewa yake yote ikahamia tumboni. Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Akamtazama, akasema, "Huyo mpe maziwa, ana utapiamlo."

Nilikasirika, lakini alikuwa ameona sawa. Kwenye mpira, sehemu nyembamba ndiyo ngumu kuanza kutanuka, na ile pana ikishaanza inazidi kulegea, kwa hiyo hewa inakimbilia huko. Ndiyo maana yale mapulizo marefu ya kusokotea wanyama yanakushinda kwa mdomo mpaka upate pampu. Tena pulizo la mpira likipasuka, kipande chake ni hatari kwa mtoto mdogo, kinaweza kumziba koo kabisa. Nikaachana nalo.

Nikahamia kwenye nailoni: vipande viwili bapa, unaviunganisha kingo kwa kingo. Nilijiona mvumbuzi. Kumbe Michael Faraday, pale London mwaka 1824, alitengeneza puto lake la kwanza kwa njia hiyo hiyo. Alipandanisha karatasi mbili za mpira, akabana kingo, na ndani akapaka unga zisigandane. Mimi nilitumia mabaki ya nailoni ya kitalu nyumba, maana kanda hii mashamba ya maua na mboga hayakosi mabaki, pamoja na pasi ya umeme na karatasi ya kuokea juu ili pasi isinase.

Sasa sikiliza hapa, dada. Ukichora mtu mzuri kwenye nailoni bapa, hatakuwa mtu mzuri akijaa hewa. Mkono niliouchora sentimita 8 ulitoka na unene wa 5. Mguu wa 10 ukawa 6 na kidogo. Kichwa cha duara la 20 kikabaki 15. Nailoni haitanuki kama mpira, kwa hiyo ule upana uliouchora unazunguka na kuwa nusu ya mzingo. Vyote vinapungua, ila mikono na miguu inapungua kuliko kichwa, na mgumu wangu wa kwanza alionekana mtungi wa gesi uliosimama kwenye njiti. Dawa yake: mkono na mguu chora upana mara moja na nusu na zaidi kidogo ya unene unaoutaka, kichwa ongeza kama theluthi. Hesabu hiyo niliilipia mita kumi na mbili za nailoni. Nawapa bure.

Rangi nayo usihangaike nayo. Kwenye nailoni ile haishiki. Wateja wangu wa kwanza walirudi na mgumu asiye na macho.

Hapa ndipo roho inaniuma. Mwaka jana, kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, nilipata nafasi viwanja vya Themi, Njiro, kule Arusha. Nikatengeneza wagumu 60. Kwa tamaa ya kuokoa muda nikawapuliza wote nyumbani, wakakaza kweli kweli, nikawafunga kwa wavu juu ya mizigo kwenye gari la kukodi. Boma Ng'ombe tumepita salama. Mbele ya Usa River nikasikia "pwaa!" Nikadhani tairi. Tengeru, tatu kwa mpigo. Utingo akachungulia nyuma, akasema, "Bosi, watu wako wanakufa." Tulipofika walikuwa wamebaki 37.

Siku zile nililaumu jua, nikalaumu dereva, nikamlaumu hata jirani aliyeniuliza asubuhi nawapeleka wapi. Ukweli ni kwamba Moshi mjini tuko mita 800 na kitu, Arusha ni kama 1,400. Ukipanda hivyo hewa ya nje inapungua kwa karibu asilimia 6, lakini ile uliyoifungia ndani haijui kwamba mmepanda, inasukuma vile vile. Ongeza jua la saa sita. Angalia pakiti za krispi zinavyovimba zikitoka Dar kuja huku. Tangu siku hiyo nasafirisha wagumu bapa, nawapuliza kwa pampu nikishafika, na siwajazi hadi mwisho.

Lakini kilichonifundisha ni maiti zenyewe. Niliwapanga 23 chini nikawakagua. Wote, isipokuwa wawili, walichanika kwapani au kati ya miguu. Hewa inataka kila kitu kiwe duara. Pale unapoingiza kona ndani, nguvu yote inakuja kukusanyika hapo. Na mimi kona zangu zilikuwa kali kama za herufi V. Sasa nazichora kwa mdomo wa glasi, ziwe za mviringo, na napiga pasi mara mbili.

Halafu nikamwendea fundi cherehani, akanishonea ovaroli. Nguo ndiyo ilimwokoa Mgumu. Kama mpira wa miguu ulivyo, ndani kibofu, nje ngozi: kibofu kinazuia hewa, ngozi ndiyo inayobeba presha. Mfuko wa nailoni ufanye mkubwa kidogo kuliko nguo, siyo mdogo, la sivyo nguo itakuwa pambo tu. Na macho yanadariziwa, hayabanduki tena.

Vijana, jamani, mnapenda kuanza na sura. Mnanitumia michoro ya nyusi! Mimi nami nilianza na tabasamu, nikaliremba wiki nzima, na mtu wangu akafia kwapani. Anzeni na kwapa. Na msimwonyeshe kila mtu. Kuna mfanyabiashara Arusha alichukua sampuli mbili kwangu "aziangalie", akazikalia miezi minne, kisha nikawaona wagumu wanaofanana na wangu dukani kwake, hata ile kona ya ovaroli niliyoikosea imekosewa vile vile. Ningekuwa nimeshasajili alama yangu BRELA, kule wanakosajili biashara, ningekuwa na pa kuanzia. Sikuwa nimesajili. Nilimsalimia, akaniitikia vizuri tu, akaniuliza biashara inaendaje.

Dada, wewe una bahati, bibi harusi ni rahisi kuliko mgumu. Gauni lake lifanye umbo moja la pia, kama koni, hadi chini, ukwepe miguu. Mikono mshikishe maua kifuani, iwe imechorwa kwenye nguo, na kwapa limekwisha. Chini ya gauni shonea kifuko cha mchanga nje ya mfuko wa hewa, siyo ndani, mchanga unakwaruza nailoni. Hapo hata akisukumwa na watoto anainuka mwenyewe. Na wakikuagiza kutoka Dar, mpeleke bapa. Ukimpulizia Babati atafika kule amelegea, na siku ya harusi hiyo watasema mengi.