Jaribio la usaili lililofuata kalenda ya TRA

Niliitwa Dar kwenye usaili wa kazi ya uhasibu, mimi nikiwa Morogoro. Treni ya SGR shilingi 13,000 kwenda, 13,000 kurudi, bodaboda mbali. Niliambiwa saa 3 asubuhi. Nikaingia ndani saa 8 mchana. Hilo la kusubiri silipigii kelele, mtafuta kazi ameshazoea mabenchi.

Mzee mmoja akafungua: "Umeolewa, binti?" Kisha akataka kujua nitazaa lini. Nikacheka kwa aibu, nikajibu. Siku hizi ningesema, "Mzee wangu, ya nyumbani yana mpango wake, niulizeni hesabu." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa, mimba au majukumu ya familia, na mwombaji wa kazi naye analindwa humo. Sisemi uwasomee vifungu pale mezani. Ujue tu kwamba kutojibu si utovu wa adabu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni "jaribio dogo". Kesho yake nilitumiwa ankara, picha za risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) na taarifa ya benki. Nipange mauzo na manunuzi ya mwezi mzima, nitoe kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya kulipa, nirudishe kabla ya tarehe 18. Nikakesha siku mbili. Usiku wa pili ndipo nikashtuka: TIN zile, yaani namba za mlipakodi, ni za kweli, risiti ni za mwezi uliotangulia, na ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi hiyo ya kila mwezi, hupelekwa TRA (Mamlaka ya Mapato) ifikapo tarehe 20. Nilikuwa nawafungia hesabu zao za mwezi! Nikatuma hivyo hivyo, kodi ya chumba ilikuwa imekaribia. "Asante, tutakupigia." Simu haikulia.

Jaribio la kweli la uhasibu huwa la saa moja au mbili, lina tarakimu za kubuni, na anayekupa ana majibu tayari mkononi. Ukiletewa gunia la risiti za watu, omba ulifanyie ofisini kwao mbele ya mhasibu wao. Au fanya miamala kumi, kisha eleza kwa maandishi utakavyomalizia iliyobaki. Anayetaka kupima uwezo wako atauona hapo. Na uwe mpole unapoomba. Mara nyingine ni afisa mgeni tu aliyetumwa, hajui anachokuomba. (Mimi wale siwapi udhuru huo.)

Mwezi uliofuata rafiki yangu niliyesoma naye chuo akanipigia kwa furaha, kaitwa ofisi ile ile, kapewa "jaribio dogo", mwisho tarehe 18. Nikamwambia aombe tarakimu za kubuni. Akawaandikia kwa heshima zote asubuhi ile ile. Hawakumjibu, na tarehe 20 ikapita. Sijui mwezi ule waliufunga na nani.