Nimebakiza miaka miwili: je, niiache hisabati?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimebakiza miaka miwili kumaliza sekondari, na ninatamani kusomea uhandisi chuo kikuu. Alama zangu ni nzuri isipokuwa za hisabati, somo linalonitoa jasho, na ninafikiria kuliacha ili wastani wangu usishuke. Wenzangu nao wanajiandikisha katika kila klabu ya shule, wakidai kwamba vyuo vinapenda hivyo. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hisabati usiiache. Kabla hujachagua wala kuacha somo lolote, tafuta mwongozo wa udahili wa vyuo unavyovitaka na usome sifa za kujiunga na kozi yako neno kwa neno, kwa kuwa wastani mzuri hauzibi pengo la somo la lazima. Niliwahi kumfundisha kijana aliyeacha fizikia kwa mahesabu kama hayo yako. Wakati wa maombi ulipofika alikuwa na alama za kujivunia, lakini alilazimika kutumia mwaka mzima kulisoma somo hilo huku wenzake wakisikiliza mihadhara.

Klabu, chagua moja au mbili unazozipenda kweli na udumu nazo, maana hata mwalimu utakayemwomba barua ya mapendekezo (mwombe mapema, si siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho) hana la kuandika juu ya mtu aliyepita kila mahali bila kukaa.

Hukuuliza juu ya kujisomea bila kusimamiwa, ilhali ndiko kunakowaangusha wengi mwaka wa kwanza. Katika mfumo wa vyuo vya Ulaya, mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa saa 1,500 hadi 1,800 za kazi, na nyingi kati ya hizo mwanafunzi huwa peke yake, bila kengele wala mwalimu wa zamu. Mimi mwenyewe niliingia chuo na madaftari yaliyopigiwa mistari ya rangi tatu, nikiamini kwamba kilichong'aa kwenye ukurasa kimeingia kichwani. Hakikuwa kimeingia.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisoma kifungu, kisha wengine wakakirudia kukisoma, na wengine wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele, na hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, ilhali waliojipima walikumbuka asilimia 56. Ukianza kujipima hivyo sasa, utafika chuoni ukiwa umeshazoea.

Anza na hisabati hiyohiyo. Leo jioni chukua swali ulilokosa wiki iliyopita, funga daftari, na ulifanye upya kwenye karatasi tupu kuanzia mstari wa kwanza. Kalamu ikikwama, usichungulie jibu haraka. Weka alama hapo ilipokwama, andika kwa sentensi moja ni kitu gani hasa hukijui, na kesho umpelekee mwalimu wako wa hisabati karatasi hiyo kama ilivyo, pamoja na makosa yake.