Usikubali yaishie ofisini kwa mwalimu mkuu

Dada, pole sana. Umesema binti yako wa darasa la tano amekwambia mwalimu wa tuisheni humbakiza wenzake wakishaondoka, akamshikashika. Ulipokwenda shuleni, mwalimu mkuu akakuomba utulie: mwalimu atahamishwa, myamalize hapo hapo. Unauliza kama ukikubali utakuwa umekosea. Ndiyo, utakuwa umekosea. Nakwambia hivyo nikiwa mwalimu wa malezi shule ya msingi huku Tanzania Bara, mwaka wa 11 sasa.

Mwaka wangu wa pili, mtoto wa darasa la nne alinijia Ijumaa saa ya mapumziko. Alisimama kando ya meza yangu akikunjakunja pindo la sketi mpaka kengele ikagonga, ndipo akasema, "Mwalimu, leo nisirudi na yule anko wa bodaboda." Yalikuwa yamempata jana yake. Nikaenda kwa mkuu, akaniambia tusikurupuke, Jumatatu kamati ya shule itakaa. Nikatii. Nikamsindikiza mtoto mpaka kwao, nikamkabidhi kwa mama yake bila kumwambia la maana, nasubiri kikao. Jumatatu mtoto akaja na sketi ile ile, imefuliwa, marinda yamepigwa pasi. Daktari anamwona, zile saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU zimeshapita. Kesi nayo haikufika popote. Yale marinda bado nayaona.

Baada ya hapo ndipo nilipoisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa makini. Kifungu cha 95 kinamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Yeyote, dada. Hakisemi usubiri ruhusa ya mwalimu mkuu wala kamati ikae kwanza. Kamati ya shule ina kazi yake ya madawati, vyoo na uji wa watoto. Kusamehe jinai si kazi yake.

Na huko kuhamishwa ndiko kunakoniumiza zaidi. Shule niliyopo iliwahi kumpokea mwalimu "aliyehamishwa" kwa mtindo huo. Faili lake lilikuja safi, akapewa darasa la sita. Ukikubali ahamishwe, kuna mama mwingine asiyekujua atakayeyakuta haya.

Kuna waliokuandikia kwenye maoni kwamba huna shahidi. Wasikukatishe tamaa. Katika makosa ya kujamiiana, kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Ndiyo maana nakusihi usimhoji binti kila jioni, na shangazi naye asimhoji, maana maneno yakirudiwa sana huanza kubadilika. Yale aliyokwambia mwanzo yaandike kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe, weka tarehe na saa. Nguo alizovaa kama hujazifua, usizifue. Zifunge kwenye khanga au mfuko wa karatasi, nailoni hutunza unyevu ukaharibu ushahidi.

Ile miaka 30 jela wanayoitaja wengi ni ya ubakaji, na ya anayempa mwanafunzi mimba au kumuoa, tangu Sheria ya Elimu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Kumshikashika mtoto ni shambulio la aibu, kosa jingine, lakini ni jinai kamili. Wewe eleza kilichotokea kama kilivyo, usipunguze wala usiongeze. Hati ya mashtaka ina wenyewe.

Kesho asubuhi usimpeleke shule. Nendeni moja kwa moja kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, uombe askari wa kike, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mwende hospitali. Kama binti ameeleza kwamba ilizidi kushikwa, msingoje kesho, tokeni usiku huu huu. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye apate taarifa, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Wajomba wakileta habari za fidia, waambie jambo limeshafika polisi.

Usitoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ukikwama popote njiani niandikie inboksi, simu yangu iko wazi usiku kucha.