Wi-Fi ya maabara bila bando: tulivyopima pendulamu kwa simu za wanachuo

Mkuu, umeuliza kama kuna maana ya kufunga Wi-Fi kwenye maabara ya sayansi ya chuo, ilhali laptopu mnazo tatu tu na wakufunzi wenzako wanahofia kipindi kitageuka cha kuchati. Mimi ni mkufunzi wa fizikia chuo cha ualimu na huu ni muhula wa nne natumia simu darasani. Fungeni, ila msiiunganishe na intaneti.

Sisi tulianza vibaya. Siku ya kwanza niliwapa wanachuo arobaini nywila ya ruta moja yenye intaneti. Dakika tano hazijaisha, kila simu inasasisha programu zake, ukurasa niliotaka haumfungukii yeyote, na saa mbili zikapita sijafundisha kitu. Iliniuma sana, maana wale ni walimu wa kesho.

Wiki iliyofuata nikachomoa waya wa intaneti. Ruta ikabaki kuunganisha simu zao na laptopu yangu, niliyoigeuza seva, yaani kompyuta inayozigawia simu kurasa. Humo niliweka simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye skrini) za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Zile za HTML5, zinazofunguka kwenye kivinjari cha simu, unapakua mara moja tu, na baadhi zimeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Nikaongeza fomu ndogo ya kujazia vipimo, tuliyoitengeneza na mwenzangu wa TEHAMA. Angalizo: simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti hurudi kimyakimya kwenye data ya laini. Wazime data kwanza, na hapo suala la kuchati linapungua lenyewe.

Kilichonishawishi hasa ni somo la pendulamu. Tulitumia phyphox, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Simu yenyewe unaitia kwenye kifuko, unaining'iniza kwa uzi, inabembea huku ikijipimia muda wa mbembeo mmoja. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu (kihisi cha mzunguko) inayohitajika hapo, lakini kundi la watu wanne linahitaji moja tu. Makundi yalikuwa kumi, kila moja na urefu wake, kuanzia sentimita 30 hadi 120. Kundi likijaza fomu, nukta yake inatokea ukutani kwenye projekta: mraba wa muda dhidi ya urefu.

Nukta tisa zikajipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ya kumi ikakaa juu ya mstari, peke yake, darasa zima linaiona. Mimi nikanyamaza. Wenyewe wakaanza kubishana, wakashika rula tena, hadi binti mmoja akasema, "Tumepima mpaka ukingo wa juu wa simu, siyo katikati yake." Sentimita nane nzima! Wakarekebisha, nukta ikasogea kulia ikalala mstarini. Mteremko wa mstari ukatupa g (mchapuko wa graviti) ya 9.7 m/s², na huku kwetu karibu na ikweta ni kama 9.78.

Zamani kosa kama hilo nililikuta kwenye madaftari siku tatu baadaye, nyuzi zimeshafunguliwa na hakuna anayekumbuka alipima wapi. Sasa wanalikamata wakiwa bado wamesimama mezani. Kwangu faida ya mtandao ni hiyo, kuliko video zote.

Kuhusu umeme, ruta nyingi ndogo zinatumia volti 9 au 12. Soma kibandiko chake kabla hujaiunga kwenye betri ya sola, maana ya volti 9 ukiipa 12 inaweza kuungua. Yetu ni ya 12, umeme ukikatika tunaendelea. Mkiongeza ruta ya pili, zipeni chaneli (njia za mawimbi ya Wi-Fi) tofauti kati ya 1, 6 na 11, zisiingiliane.

Na tafadhali, simulesheni isiwanyime wanachuo vifaa. Sakiti naionyesha kwanza kwenye simu, kisha wanashika nyaya na balbu kwa mikono yao. Titresheni, kule kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine ili kujua ukolezi wake, sijawahi kuihamishia kwenye kioo cha simu na sitaihamisha. Lazima mkono uzoee bureti, ule mrija wa kudondoshea.

Laptopu moja kati ya hizo tatu inatosha kuanzia. Ukitaka ile fomu, nijulishe hapa niiweke kwenye uzi huu.