Kudharau, kukaidi au kutotii mahakama?

SWALI: Salamu, Mwalimu. Septemba 2024 nilisoma kwamba Gilbert Masengeli, aliyekuwa Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi wa Kenya, amehukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa "kudharau mahakama". Nijuavyo, dharau ni kumwona mtu si kitu. Yeye hakumtukana jaji. Hakufika tu mahakamani. Mbona wasiseme "kukaidi"? Na je, "dharau ya mahakama" ni sahihi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Salamu nazo zimefika. Dharau uliyoielezea ni ya moyoni na mdomoni, lakini neno hili lina upana zaidi ya hapo. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba huo haukutukanwa na mtu. Ulionekana mdogo, ukaachwa mguuni, basi. Ndivyo ilivyokuwa kwa wito wa Jaji Lawrence Mugambi: Masengeli alitakiwa afike mwenyewe aeleze waliko watu watatu waliotekwa Kitengela, akaitwa mara kadhaa asionekane. Kuuacha wito wa mahakama kama mwiba ni dharau, hata pasipo tusi. Wanahabari hawakukosea.

Hata hivyo, swali lako limegusa jambo ninalolijali sana. "Kuidharau mahakama" ni jina la kosa, na jina la kosa halimwambii msomaji mshtakiwa alifanya nini. Anayemfokea hakimu, shahidi anayekataa kujibu maswali kizimbani na afisa asiyetekeleza amri wote huangukia humo. Kwa hiyo taja kosa, kisha taja kitendo: "amepatikana na hatia ya kuidharau mahakama kwa kukaidi wito".

Sasa hilo "kukaidi" lishike kwa uangalifu. Mtu hakaidi kwa bahati mbaya. Mkaidi amesikia, ameelewa, na amekataa. Makusudi yamo ndani ya neno lenyewe, ndiyo maana "kukaidi kwa makusudi" ni maneno ya ziada. Na makusudi ndiyo hasa mahakama hupima: je, afisa alikuwa na habari ya amri, na aliweza kuitekeleza? Ukiandika "waziri amekaidi amri" kabla jaji hajaamua, umeshamtia hatiani kwa kitenzi kimoja. Kabla ya uamuzi, andika "hakutii", "hakufika" au "anadaiwa kukaidi". Baada ya uamuzi, andika bila woga. Machi 2018, Jaji George Odunga aliwapata na hatia maafisa watatu, wakiwamo Waziri Fred Matiang'i na Inspekta Jenerali Joseph Boinnet, katika kesi ya wakili na mwanasiasa Miguna Miguna, aliyesafirishwa hadi Dubai ilhali mahakama ilikuwa imeamuru aachiliwe. Kila mmoja alitozwa faini ya shilingi 200,000, zikatwe kwenye mshahara wake. Hapo "walikaidi" ni neno la haki.

"Kukiuka" nako kuna mahali pake. Hukiuka anayeruka mpaka, kwa hiyo linafaa zaidi amri ya kukataza: mahakama imesema msibomoe, nyumba zikabomolewa.

Ama "dharau ya mahakama", mimi siiandiki. Dharau ya tajiri ni ile anayoionyesha tajiri. Dharau ya mahakama basi ni ya nani? Msomaji anaweza kudhani jaji ndiye aliyemdharau mtu. "Dharau kwa mahakama" inapita, ingawa kitenzi kinapendeza zaidi. Tena napenda kile kiambishi -i- cha "kuidharau" kinapotajwa kisa mahususi, kwa kuwa kinaielekeza dharau kwenye mahakama fulani iliyotoa amri fulani. Ukizungumzia kosa kwa jumla, "kudharau mahakama" inatosha.

Kuhusu kisa ulichokisoma, kifungo kile kilisimamishwa kwa siku 7. Masengeli alifika mahakamani tarehe 20 Septemba, akaomba radhi, na adhabu ikaondolewa. Kwa hiyo "alihukumiwa kifungo" ni kweli, ila "alifungwa", kama wengine wanavyoandika hadi leo, si kweli.