Jibu: Nikikosoa nembo za watu naambiwa nina wivu. Niache kuandika?

Usiache, mdogo wangu, ila badilisha uandishi wako. "Nembo mbovu, rangi zimekufa" ni kuzodoa tu, na mwenye kazi ana haki ya kununa. Mwaka 2010 kampuni ya nguo ya Gap ilibadili nembo yake, watu wakapiga kelele mtandaoni, na ndani ya wiki moja ile ya zamani ikarudi. Kelele zilishinda, lakini wengi walikuwa wanakejeli tu.

Mimi ningeanzia mtaani. Tandaza khanga moja. Tazama pindo, tazama mji (ile sehemu ya katikati), halafu jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa: kwa nini herufi ni kubwa, hazina madoido, wakati pindo limejaa maua? Linasomeka mvaaji akiwa anatembea? Au ile mistari ya rangi kwenye daladala za Dar, inayomwonyesha abiria njia ya gari hata kabla hajasoma kibao. Huo ni usanifu, tena unaozidi mabango mengi ya gharama kubwa, na sioni watu wakiuandikia.

Kwenye nembo, eleza kwanza ilitakiwa ifanye kazi gani na kwa nani. Ipunguze iwe saizi ya ikoni ya simu, kisha ichape kwa nyeusi tupu kama muhuri. Inapofeli, onyesha kwa picha. Jina la msanifu liache. Mara nyingi mteja ndiye aliyelazimisha (hilo unalijua). Na kazi nzuri nazo ziandikie, kwa kirefu vilevile.