Kuchangia gemu ya zamani iundwe upya

Yakhe, umeuliza kama ni sawa kutoa pesa Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha watu pesa za miradi, ili gemu ya zamani iundwe upya. Mi nasema toa, lakini jua hapo hununui kitu, ni kama mchango wa harusi tu, ukishatoa umetoa. Cheki System Shock, gemu ya 1994, Nightdive Studios, kampuni iliyoiunda upya, waliomba dola 900,000 mwaka 2016 wakapata zaidi ya milioni 1.3, sasa pesa zilipoingia na mawazo nayo yakakua, wakaongeza hiki wakabadilisha kile mpaka Februari 2018 ikabidi wasimamishe kazi wajipange, gemu yenyewe ikatoka Mei 2023. Miaka saba! Lakini ilitoka na ni tamu wallahi, na bila mashabiki sioni nani angeigusa.

Mi mwenyewe hapa Majengo nilichangia mradi mwengine, mpaka leo kimya, na Kickstarter wenyewe hawarudishi pesa. Kwa hivyo angalia kwanza kama wana haki za hio gemu, maana mwenyewe akija kuwazuia ndo basi. Hio yako wana demo ya kucheza ama ni picha tu?